Yule Aliyefagia Jardini

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mkeka, uani kwa marehemu Mama Mauwa, nikichambua mchele wa matanga, niliposikia maneno ambayo sijaweza kuyatoa kichwani. Nyuma yangu wamama wawili walikuwa wakimenya vitunguu. Hawakunijua. Nimeuhama mji wetu wa Baraka miaka mingi, nywele zangu zimeingia mvi, na siku hizi nikirudi mtaani kwetu watoto wananiita mugeni. Mmoja wao, mwenye sauti nzito, hakujisumbua hata kunong'ona. "Banamulilia sawa malaika," alisema. "Ile mambo ya Jardini, alikuwa ndani toka mwanzo. Alianza kupiga kelele siku balimutosha, balimutoa inje." Mwenzake akamwambia, "Nyamaza, hajamaliza hata siku mbili ndani ya kaburi." Lakini hakusema kwamba ni uongo. Hilo ndilo lililonishika. Katika mtaa wetu, anayemzulia marehemu uongo anazomewa hapo hapo. Huyu aliambiwa anyamaze tu, kama mtu aliyetangulia kusema kitu ambacho wengine wangekisema wiki ijayo.

Nikaacha mchele, nikavuka barabara hadi Jardini yenyewe. Ni bustani ndogo sana. Ukisimama upande mmoja unaweza kumsalimia mtu wa upande wa pili bila kupaza sauti. Ina nyasi zilizochakaa kwa kukaliwa, viti vya saruji, miti michache ya avoka iliyozeeka vizuri, na katikati duara la saruji ambalo zamani, wanasema, lilikuwa na maji yanayoruka. Alasiri ile wasichana wawili walikuwa wakisukana, na wanafunzi wamelala chali na madaftari usoni. Walikuwa wametulia kama watu walio kwao. Nikakaa kwenye kiti, nikaanza kuurudia mwaka wa mambo ya Jardini, chumba kwa chumba, sahani kwa sahani, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumbani kwake palikuwa na mwizi naye akarudi kupapasa kila kona. Maana katika habari nzima ya Jardini, mtu mmoja tu wa mtaani nilikuwa nimemweka pembeni kwamba ni safi, na huyo alikuwa Mama Mauwa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minane. Mama Mauwa alikuwa na malewa, banda la chakula la mbao na mabati lililotazamana na Jardini, nami nilikaa kwake, nikimsaidia kupika na kugawa sahani baada ya masomo. Chumba changu kilikuwa stoo. Nililala kati ya magunia ya unga wa muhogo na bidoni za mawese, yale madumu ya mafuta, na mpaka leo nikisikia harufu ya mawese mabichi nahisi godoro lile mgongoni. Dirisha lake dogo, lisilo na kioo, lilitazama Jardini, na nyuma ya Jardini kipande cha ziwa. Ukuta uliotenganisha kitanda changu na meza za wateja ulikuwa wa mbao zilizokauka vibaya, umejaa nyufa. Mtu akitafuna ndagala, dagaa wetu wa ziwani, upande ule, mimi nilisikia mifupa. Walimu walikula maharagi na kuilaumu serikali. Vijana wa pikipiki kutoka Misisi walikula haraka, vumbi jekundu limewakaa hadi kwenye kope, wakizungumza juu ya mashimo yaliyotoa dhahabu na mashimo yaliyobomoka. Mama Mauwa alikuwa Muislamu wa familia za ufukweni, mimi Mprotestanti. Ramadhani ilipofika aliendelea kuwapikia wasiofunga, na kwa kuwa hakuweza kuonja, aliniita mimi. "Riziki, kuya uonje. Chumvi iko?" Nikisema iko, alipakua. Wasichana wengine wa jikoni hakuwauliza. Kwa maisha ya wakati ule, hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu mwaka ule hakuna aliyemwamini mtu.

Ulikuwa mwaka wa kurudi. Boti zilileta watu kutoka kambi za ng'ambo, Tanzania, na kila aliyeshuka alikuwa na paseli yake, kiwanja alichokiacha alipokimbia vita, na karibu kila paseli ilikuwa na mtu ndani. Mgeni akisimama tu barabarani kutazama nyumba, waliokuwa ndani walifunga mlango. Watoto walifundishwa wasitaje jina la ukoo wao kwa mtu wasiyemjua. Jardini ndiyo ilikuwa fasi pekee, mahali pekee pasipo na mtu ndani, na kwa sababu hiyo kila mtu alikuwa na historia yake. Wazee Wakatoliki walisema ilipandwa na mke wa Mbelgiji mmoja, na kwamba mtu mweusi aliingia humo akiwa na ufagio tu mkononi. Waprotestanti walisema baada ya uhuru kwaya yao ndiyo iliyofanyia mazoezi pale, jioni kwa jioni. Waislamu walikumbuka Idi moja waliyoswali pale baada ya upepo kuondoa mabati ya msikiti. Kisha walikuja askari wa vita hivi na vile, wakakata miti kwa kuni, wakafulia nguo kwenye duara la maji. Wengine walisema kuna watu walizikwa pale, lakini ukiwauliza ni wapi hasa, walitazama pembeni. Nilizisikia hadithi hizi zote kupitia ufa wa ukuta wangu, na niligundua kwamba kila msimulizi alimaliza na maneno yale yale: kwa hiyo, ukitazama vizuri, ile fasi ni yetu.

Papa Wilondja alifika na boti ya kiangazi. Alikuwa mwanaume mrefu wa makamo, mkimya, aliyevaa koti zito la sufi aliloletewa kambini, joto au baridi. Paseli ya baba yake ilikuwa imejengwa nyumba ya watu wengine, nyumba ya matofali yenye watoto wengi. Wenzake waliorudi na kukuta hivyo walipiga kelele, walikwenda bureau ya serikali, walilala barabarani. Yeye alipita mara moja mbele ya ile nyumba, akatazama, akaenda zake kulala kwenye baraza la jamaa wa kanisani. Kimya chake kilianza kuwatia watu wasiwasi kuliko kelele za wengine. Na asubuhi moja nilipofungua dirisha langu nilimkuta anafagia Jardini. Hakuna aliyemtuma. Kesho yake alifagia tena. Akafyeka majani yaliyofika kiunoni, akayachoma, akasimamisha viti vya saruji vilivyoanguka, akatoa takataka za miaka ndani ya duara. Kisha akaanza kupanda miyenzi kuzunguka, ile mimea ya uzio inayotoa maziwa ukiivunja.

Malewa haikuwa na habari nyingine tena. "Muntu hafagie fasi yenye haina yake," alisema mwalimu mmoja, akimega bugali. Kijana wa pikipiki akamjibu, "Labda eko anatafuta kintu. Balizika bintu mingi wakati ya vita." Mwingine akasema labda ametumwa na watu wa ng'ambo kuhesabu nyumba zetu. Mama Mauwa alisikiliza yote akiwa amewapa mgongo, akisonga ugali. Siku ile ile alinipa kikombe cha chai na andazi. "Mupelekee," alisema. "Na umuulize nani alimutuma."

Nilimkuta amepiga magoti kwenye udongo. Alipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Papa, Mama Mauwa anauliza nani alikutuma hii kazi."

"Mwambie hakuna."

"Sasa unafagia juu ya nini? Sababu gani?"

"Juu iko buchafu."

"Na uzio?"

"Juu ya mbuzi."

Nilimpelekea Mama Mauwa majibu hayo kama yalivyo. Aligeuza ugali mara mbili tatu, kisha akasema, "Muntu mwenye kujibu mufupi vile, alifikiri sana mbele ya kuulizwa."

Hata hivyo watu walianza kukaa. Kwanza wamama wa ndagala, wakitoka ufukweni na mabeseni yao, walitua pale adhuhuri kupumzisha shingo. Kisha wanafunzi. Kisha mimi mwenyewe, na kitabu changu, mbali na moshi. Tulikalia viti alivyovisimamisha, chini ya kivuli alichokisafisha, na muda wote jicho moja lilikuwa kwake. Akisogea kona hii, mazungumzo yalipungua. Akihesabu hatua kutoka mti hadi mti, wamama walitazamana. Sijui kama aliona. Aliendelea kufagia kati ya miguu yetu akisema samahani.

Aliyeukoleza ule wasiwasi alikuwa shefu wa avenu yetu, kiongozi wa mtaa. Alikuwa mtu wa adabu nyingi, aliyenawa mikono polepole na kumwita kila mtu mutoto wangu, hata waliomzidi umri. Alipenda meza iliyoegemea ukuta wangu, kwa hiyo sauti yake ninaijua kuliko uso wake. Hakuwahi kumshtaki Papa Wilondja moja kwa moja. Alikuwa akisema tu, akichagua miiba ya samaki, "Mumuangalie ule muzee. Kambini bantu balijifunza mambo mingi." Kisha alikula, akawaacha watu wamalizie wenyewe. Mvua zilipoanza na Papa Wilondja akachimba mashimo ya kupandia miche ya avoka, shefu aliuliza mbele ya malewa nzima kama kuna mtu anayejua kwa nini mti mdogo unahitaji shimo refu vile. Kufikia jioni mtaa wote ulikuwa unajua jibu: muzee anatafuta mifupa ya wale waliozikwa, akawauzie wachimbaji wa Misisi wanaotaka bahati ya dhahabu. Hakuna aliyeuona mfupa hata mmoja.

Polisi wawili walimkuta na mche mkononi. Hakubishana. Aliomba tu auweke kivulini, akauweka, akaenda nao. Watu walikuwa wamejaa barabarani. Hakuna aliyemtetea, na hakuna aliyemshtaki kwa sauti. Mama Mauwa alisimama mlangoni kwa malewa na mwiko mkononi, unga ukikauka juu ya mwiko, hadi nilipomwambia kwamba maharagi yanaungua.

Tangu siku iliyofuata alinituma kasho, mahabusu ya polisi, na chakula. Hayakuwa masalio. Ilikuwa bugali ya moto, sombe, majani ya muhogo, iliyotiwa mawese vizuri, na mara nyingi mukeke mzima, samaki tuliowauzia wakubwa. Askari aliinua kifuniko, akachukua kipande chake, akanipitisha. Papa Wilondja alikula taratibu akiwa amekaa na koti lake, akaniuliza kama mvua imenyesha na kama miche imekufa. Mtaani walisema Mama Mauwa amerogwa, au anamtaka muzee. Mimi nilisema ni huruma. Siku moja alikwenda yeye mwenyewe, akaniacha na malewa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Ni moshi," alisema, akapita haraka. Nilipoingia jikoni nyuma yake, nilikumbuka kwamba moto wenyewe nilikuwa bado sijauwasha.

Haikupita muda, nikiwa kitandani mwangu alasiri moja ya joto, nilimsikia shefu akimkaribisha mtu mezani. Mgeni alikuwa tajiri wa Misisi, mnunuzi wa dhahabu. Nilimfahamu kwa jinsi vijana wa pikipiki walivyonyamaza alipoingia. Walikula. Kisha mgeni akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza juu ya kitu chake, "Depo ya biya itaanza kwa ile duara. Ukuta utafika mpaka hapa barabarani." Kitu kiligonga mbao karibu na kichwa changu, nadhani alikuwa anapima kwa mkono. "Na hii malewa?"

"Hii itatoka," shefu alijibu.

"Mama hatasumbua?"

"Ule mama nitamusemesha. Ataenda kuikala kule soko."

Nilingoja waondoke, nikakimbilia uani. Mama Mauwa alikuwa anakata mchicha wa lengalenga. Nilimweleza yote kwa pupa: ghala la bia, duara, ukuta, tajiri. Kisu kilisimama. Akaniuliza jambo moja tu. "Alisema itatoka? Shefu mwenyewe, na kinywa yake, alisema malewa itatoka?" Nikamwambia ndiyo. Akaendelea kukata. Wakati ule niliona kwamba yeye ni mtu mwenye akili, anayeelewa upesi. Alasiri ile ya matanga, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha saruji, na maneno ya wamama wa vitunguu bado masikioni, nililisikia swali lile upya. Mtu anayeambiwa kwa mara ya kwanza kwamba Jardini inauzwa, angeuliza nani anaiuza, tangu lini, kwa haki gani. Yeye hakuuliza hata kimoja. Aliuliza juu ya malewa.

Asubuhi ambayo matofali ya depo yaliletwa, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Lori liliingia kwa kurudi nyuma, likavunja miyenzi, likamwaga. Mama Mauwa alikuwa ameshawasha moto wa chai. "Riziki, zima," alisema. Nilifikiri tunafunga malewa. "Sasa beba mafiga." Tuliyabeba mafiga yakiwa bado na joto, tumeyafunga kwa matambara, tukavuka barabara, tukayapanga katikati ya lile duara la saruji. Tukarudi kuchukua masufuria, unga, maji, mabenchi. Akatuma mtu ufukweni, na wamama wa ndagala wakaja na nyavu zao za kuanikia, wakazitandaza kwenye nyasi mpaka mlangoni mwa lori. Wateja walifuata chakula chao. Kufikia adhuhuri Jardini ilikuwa imejaa. Wakatoliki walikaa upande waliouita wa Mbelgiji, wetu wa kwaya wakaanza wimbo, na mtu asingeweza kuweka tofali bila kumkanyaga mwanamke au samaki.

Shefu alikuja na tajiri. Alitabasamu. "Mama Mauwa, mutoto wangu, hii njo nini?"

"Njo chakula, Shefu. Ikala ule."

"Hii fasi iko ya muntu."

"Ya nani? Sema jina yake mbele ya bantu bote."

Shefu alimtazama kwa muda. Nilikuwa karibu naye, nimeshika beseni. Nilidhani ni hasira. Sasa nadhani alikuwa anampa nafasi ya kunyamaza. Kisha akasema kwa upole, "Mama Mauwa, we na miye si tulisha—"

"Sema jina!" Mama Mauwa alipiga kelele juu ya sauti ya shefu. Sijawahi kumsikia akipiga kelele vile. "Sema jina!" Wamama wa ndagala wakaidaka, kisha kila mtu, hata walimu, sema jina, sema jina, na kile alichotaka kusema shefu kikapotea humo humo. Tajiri alimgeukia shefu. "Uliniambia hii fasi haina mwenyewe."

"Haina," shefu alisema.

"Na hawa bote?"

Tajiri aliutazama moto, samaki, wanawake. Alikuwa mtu wa mashimo. Nadhani alijua udongo unavyokuwa kabla haujaanguka. Akawaamuru vijana wake warudishe matofali kwenye lori, akamwambia shefu apande gari, na namna alivyomwambia haikuwa ya rafiki. Shefu hakukaa sana baada ya hapo. Alihamia Uvira kabla mwaka haujaisha.

Nilifikiri tumemaliza, lakini Mama Mauwa alikuwa tayari anajifunga kitenge upya. "Tunaenda kumutosha mulinzi," alisema. Watu wakauliza mulinzi gani. "Mulinzi wa Jardini, Papa Wilondja. Kama hakufagia, leo tungepikia wapi?" Na kundi lile lile lililonyamaza siku alipokamatwa likaenda kasho likiimba. Askari walikuwa wamechoka kumshika mtu ambaye hakuna aliyekuja kumshtaki, wakafungua. Alitoka akipepesa macho. Wamama walipiga vigelegele, mulinzi, mulinzi, wakamtia ufagio mkononi. Mama Mauwa alimsogelea, akamsemesha sikioni. Nami niliyetarajia kuona furaha, niliona uso wa mtu aliyetwishwa gunia. Alifagia hadi mwisho wa mvua, akapanda avoka zake, kisha akaondoka kwenda kulima Lulimba. Mtaa ulijuta. Tulisema tumemfukuza mtu mwema kwa mashaka yetu. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na hivyo ndivyo nilivyowasimulia watoto wangu.

Bado nilikuwa kwenye kiti pikipiki iliposimama upande wa malewa ya zamani na mzee mrefu akateremshwa kama mzigo wa mayai. Koti lilikuwa jingine, lakini lilikuwa koti. Barabara ya Lulimba ilikuwa mbaya, alisema, ndiyo maana amekosa maziko. Alikwenda kutoa pole ndani, kisha akavuka, akaja kukaa karibu nami. Nilimwambia mimi ni nani. Alishika mkono wangu kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akishika kikombe. Tuliulizana habari za watoto. Kisha sikuweza kungoja.

"Papa, nimesikia bantu banasema Mama Mauwa alikuwa pamoja na shefu. Iko kweli?"

Alitazama wasichana waliokuwa wakisukana. "Iko kweli," alisema. "Shefu alimuahidi ile pembe ya barabara, ajenge malewa ya matofali. Naye akakubali kunyamaza wakati shefu anauzisha Jardini. Aliniambia yeye mwenyewe, kule kasho."

Nilikumbuka yale macho, na jiko baridi.

"Alilia," aliendelea. "Akaniomba musamaha, juu nilifungwa na yeye alinyamaza. Na mi nikamuambia yangu."

"Yako gani?"

"Riziki, bantu balikuwa na haki. Nilifagia ile fasi juu niichukue." Alisema hivyo bila kushusha sauti. "Paseli yetu balishaichukua. Nikafikiri, nikifagia mwaka muzima, bantu batazoea kuniona. Nikipanda uzio, batazoea uzio. Kisha siku moja nasimamisha nyumba, na hakuna mwenye atashangaa."

Nilimtazama mzee huyu ambaye nilimlilia, ambaye nilikuwa nimemweka katika maombi yangu kama mtu aliyeonewa. Hakuwa na aibu wala kiburi. Alikuwa mtu anayeeleza bei ya mahindi. Nilihisi hasira, lakini nilipoitafutia mtu wa kuipokea, sikumpata. Jardini ilikuwa imetuzunguka, imejaa watu.

"Alijua vile," nilisema mwishowe, "na bado alikutosha kasho?"

Alicheka hadi akakohoa. "Alinitosha kusudi anifunge muzuri. Bamama bote banapiga vigelegele, mulinzi, mulinzi. Akakuya kwa sikio yangu, akasema: 'Sasa Papa, ichukue, tukuone.'"

"Na we ulimujibu nini?"

"Nikamuambia, 'Na we, jenga malewa yako pale pembe, tukuone.' Hakujenga."

Kweli hakujenga. Alipikia kwenye mbao na mabati mpaka magoti yalipokataa, na nilidhani ni kwa sababu ya umaskini.

"Sasa kwa nini ulienda?" nilimuuliza. "Sisi tulifikiri tulikufukuza."

"Nilikuwa nataka nyumba, Riziki. Huwezi kuikala kila siku pembeni ya kintu unataka, na bantu banakuita mulinzi wake. Lulimba udongo iko mingi." Alinyoosha mguu. "Kila mwaka Mama Mauwa alinitumia salamu. 'Mumuulize Papa atakuya lini.' Bantu banasema, angalia upendo."

"Haikuwa upendo?"

"Ilikuwa. Lakini alikuwa anataka pia kujua niko wapi."

Jua lilikuwa limeshuka nyuma yetu, mwanga wake wa mwisho ukiwa kwenye milima ya Ubwari ng'ambo ya ghuba, na kutoka uani kwa marehemu ilikuja harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Nilifikiri kurudi kuwaambia wale wamama wawili kwamba wana haki. Kisha nikafikiri kwamba wana haki nusu, na nusu nyingine ni ndefu mno kuisimulia juu ya sufuria. Mama Mauwa alikuwa amekubali. Kisha alikuwa amekataa, kwa sababu mbaya, na baada ya kukataa akakaa upande ule maisha yake yote, akimchunga mwenzake na, naamini, akijichunga mwenyewe. Nilimpenda pungufu kidogo kuliko asubuhi, na nilimjua zaidi.

Papa Wilondja aliinua mkono, akaonyesha upande wa ziwa, kati ya miti miwili ya avoka aliyoipanda.

"Pale," alisema, "nyumba ya vyumba mbili ingeingia muzuri sana. Mulango unaangalia maji."

Nilimgeukia upesi kuona kama anatania. Uso wake haukuniambia kitu.

"Papa," nilisema, "unarudia Lulimba lini?"

"Kisha matanga."

"Nitakusindikiza mpaka kwa pikipiki."

"Juu ya heshima?"

"Juu ya heshima."

Alicheka tena, safari hii machozi yakamtoka, nami nikacheka naye mpaka wanafunzi wakainua madaftari usoni kututazama. Matanga yalipokwisha nilimbebea mfuko wake, nikampandisha, nikamsaidia kufunga koti. Pikipiki ikaondoka. Wenzangu waliniita kwa ajili ya vyombo. Niliwaambia nakuja, nikaendelea kusimama barabarani, macho kwenye ile njia ya Lulimba, hadi mlio wake ulipopotea kabisa na nikahakikisha kwamba haikugeuka.